Uzi wa Sajini Friday: polisi wa redioni aliyekuwa anataja mpaka saa na hali ya hewa

Dereva wa Makambako (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niko Tunduma, foleni ya malori haisogei, leo siku ya pili. Bando lipo, chai ipo, acha niwaletee kitu.

Mpwa wangu alinijazia flashi michezo ya redio ya Kimarekani ya zamani, akaniambia "mjomba, hii hutasinzia nayo." Mingi ni makelele tu: ving'ora, risasi, mwanamke anapiga yowe, jambazi anacheka. Nikawa naruka faili moja baada ya jingine mpaka nikakutana na mmoja unaoitwa Dragnet. Jina lenyewe ni kokoro, ule wavu unaokokotwa hadi ufukweni na samaki wote ndani. Polisi wa kule wanauita hivyo msako wao.

Ulianza kurushwa tarehe 3 Juni 1949 na shirika la NBC. Aliyeubuni, akauongoza na kuigiza mhusika mkuu ni kijana wa miaka 29, Jack Webb. Yeye ndiye Sajini Joe Friday wa polisi wa Los Angeles, beji namba 714.

Sasa sikilizeni unavyoanza. Mtangazaji anasema kisa mnachokwenda kusikia ni cha kweli, majina tu ndiyo yamebadilishwa kuwalinda wasio na hatia. Kisha anaingia Friday, sauti ya chini, kavu, kama mtu anayesoma risiti. Anataja siku. Anataja kama Los Angeles ilikuwa na joto au mvua. Anasema walikuwa zamu gani, kitengo gani, mwenzake nani, bosi wao nani. Jina langu Friday. Halafu saa. Kila akifika mahali anataja saa.

Mara ya kwanza nilisema huyu jamaa ananichosha. Nilipofika Igawa nikagundua sijazima.

Nitaendelea, kina mama wanapita na chapati.

Kijiwe Namba Tisa

Natandika mkeka hapa. Mkuu endelea, usitufanyie kama wale wa "itaendelea" halafu anapotea miezi sita.

Bibi Mwanahawa

Sisi tuliolelewa na Redio Tanzania, RTD, tulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, matapeli wawili, na tulikuwa tunawashangilia wao! Polisi akitokea kwenye mchezo ujue ni wa kuchekwa, tumbo mbele, anapumua kwa shida. Mchezo mzima polisi ndiye mwema, halafu watu wanasikiliza? Nishawishi, mwanangu.

Dereva wa Makambako

Bibi, shikamoo. Ndicho kilichonishangaza na mimi.

Wema wake hausemwi popote. Hakuna anayesema Friday ni mwaminifu. Hasifiwi, wala hana maneno ya busara. Anaishi na mama yake, anapigiwa simu usiku, anakwenda. Uadilifu wake unausikia kwenye kazi: anauliza swali, anajibiwa, anauliza tena lilelile kwa namna nyingine, anaandika. Anakwenda nyumba ya pili, hawajui kitu. Ya tatu, hawajui kitu. Ya nne kuna mzee mwenye maneno mengi kuhusu paka wake, na Friday anamsikiliza mpaka mwisho kwa sababu katikati ya habari za paka kuna namba ya gari.

Na huyu Webb alikuwa anaijua ile njia nyingine. Kabla ya hapo aliwahi kuigiza mpelelezi wa kujitegemea kwenye mchezo uitwao Pat Novak for Hire, yule wa kejeli kila sentensi, anapigwa rungu kila wiki. Akaacha mbwembwe zote.

Chanzo chake ni hivi. Mwaka 1948 alipata sehemu ndogo kwenye filamu ya He Walked by Night, akiwa mtaalamu wa maabara ya polisi. Mshauri wa filamu alikuwa sajini wa kweli wa Los Angeles, Marty Wynn. Wakawa wanapiga soga kwenye mapumziko, na Wynn akalalamika kwamba polisi wa redioni na wa sinema hawafanani na polisi yeyote anayemfahamu. Webb akaanza kupanda gari la doria usiku pamoja na Wynn na mwenzake, anasikiliza wanavyoongea. Baadaye idara ikamfungulia mafaili ya kesi zilizokwisha.

Kwenye sauti hawakuwa na mchezo. Mlango unafunguliwa kama mlango, siyo kama bati. Simu ikipigwa unasikia namba zinazungushwa moja baada ya nyingine, kisha kimya, kisha inaita. Redio ya leo ukikaa kimya sekunde tatu mkurugenzi anakuja mbio studio.

Mwisho wa kisa hakuna kushangilia. Mtangazaji anarudi anasema kesi ilisikilizwa mahakama fulani, mshtakiwa akapatikana na hatia, akafungwa miaka kadhaa. Wengine alitaja kabisa kwamba waliuawa kwa gesi gereza la San Quentin. Halafu tangazo la sigara.

Bint Sheria

Hapo kwenye hukumu nimecheka peke yangu ofisini. Nusu saa tu, kosa, upelelezi, kesi, hukumu. Mimi mteja wangu amesikia "upelelezi haujakamilika" hadi anaitikia kama kibwagizo.

Mzee wa Kaunta

Nimevaa magwanda miaka 31, nimestaafu, sitaji mkoa.

Dereva, umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Rushwa ya kaunta inaanzia kwenye kalamu. Mtu anakuja kuripoti, unamwambia subiri. Hujaandika. Maadamu hujaandika, hakuna kilichotokea. Hapo ndipo mazungumzo yanapopata nafasi. Ukishaandika saa, jina, amesema nini, na namba ya RB imetoka, kuifuta inabidi uchane karatasi, na karatasi zimepigwa namba.

Nilikuwa na mkuu wa kituo mmoja, marehemu sasa, alikuwa akifika asubuhi hasalimii mtu, anafungua kitabu kwanza. Akiona kati ya saa sita na saa kumi za usiku hakuna hata mstari mmoja, anauliza: "Mji mzima ulilala?" Tulimchukia sana.

Kwa hiyo huyo Sajini anayetaja saa kila dakika namwelewa. Anaziba nafasi ile.

Kijiwe Namba Tisa

Afande umetema madini. "Mji mzima ulilala?" 😂

Nyundo ya Pili

Samahani kwa kuharibu harusi. Mnashangilia tangazo.

Huo mchezo ulianza Juni 1949. Mnajua polisi wa Los Angeles walikuwa kwenye nini mwezi huohuo? Mwanamke aliyekuwa anaendesha danguro Hollywood, Brenda Allen, alikuwa ameeleza hadharani kuwa analipa polisi ili wamlinde. Mkuu wa polisi, Clemence Horrall, akastaafu Juni hiyohiyo huku kashfa inawaka. Wakamleta jenerali mstaafu wa majeshi ya Marine, William Worton, ashike usukani kwa muda. Agosti 1950 akaingia William Parker, mwanasheria, mkali, anayejua kucheza na magazeti.

Mswada wa kila kipindi ulikuwa unapita mikononi mwa idara kabla haujarushwa. Wanakupa mafaili, wanakupa washauri, wanakupa beji ya kushika. Na wewe unawapa Joe Friday kila wiki, nchi nzima. Hivi mnadhani faili la danguro la Brenda Allen lilikuwa kwenye lile rundo alilopewa Webb?

Unaweza kuwa na fundi hodari wa sauti za milango, na bado ukawa msemaji wa jeshi la polisi.

Mtaita254

Nyundo amesema ukweli. Huku kwetu hiyo tunaita kupaka rangi ukuta wenye nyufa. Lakini pia niulize, kuna kipindi chochote mle ndani ambacho hakuna mhalifu? Juu nikisikia kila wiki wameshika mtu, mimi naanza kushuku. Polisi gani anashika kila mtu?

Dereva wa Makambako

Mtaita, kipo, na ndicho kilichonifanya niegeshe gari.

Cha Desemba 1949. Mtoto wa kiume amepotea siku chache kabla ya Krismasi. Uani kwao kuna damu na ganda la risasi ndogo, ile ya .22. Zawadi yake ya Krismasi ilikuwa bunduki, imefungwa kwa karatasi, haipo. Rafiki yake wa karibu naye haonekani. Friday na mwenzake wanatafuta. Baadaye mwenye zawadi anajitokeza, anasema kilichotokea: walikuwa wanacheza, rafiki yake akakimbia ameishika bunduki, akajikwaa, ikalia, ikamuua. Mwenye zawadi akaogopa, akauficha mwili.

Hakuna wa kumfunga. Baba wa marehemu anachukua zawadi zote alizomnunulia mwanawe, anampelekea yule mtoto aliyebaki hai. Friday anatazama. Hasemi kitu cha maana. Nilikuwa nimepita Chimala, nikasimama pembeni, nikajifanya nakagua matairi.

Wenye biashara ya kutetea bunduki walilalamika. Kipindi kikarudiwa Krismasi zilizofuata.

Nyundo, hoja yako nimeiona, siikimbii. Naomba niitafute vizuri, bando la usiku linaanza saa sita.

Mswahili wa Inglewood

Nawasoma nikiwa hukuhuku Los Angeles, niko miaka kumi na mbili sasa. Jengo la City Hall, yaani ofisi kuu za jiji, mnalolisikia kwenye huo mchezo bado lipo, jeupe, refu, la mwaka 1928. Na picha yake imechongwa katikati ya beji ya polisi wa hapa. Kila askari anayekusimamisha amebeba City Hall kifuani.

Halafu kuna msemo, kila mtu hapa anaurusha akitaka kumwiga Friday: "Just the facts, ma'am." Yaani ukweli tu, mama, usinizungushe. Basi hakuwahi kuusema hivyo. Alikuwa na kauli zinazokaribia hapo, ila hiyo iliyonyooka iliota mizizi kutokana na mchekeshaji Stan Freberg, aliyetoa rekodi ya kumtania mwaka 1953, yenye joka na mtakatifu Joji. Polisi wa kutaka ukweli tupu, na kauli anayokumbukwa nayo siyo yake.

Webb alipofariki Desemba 1982, polisi wa hapa waliistaafisha beji namba 714, asipewe askari mwingine. Mwigizaji! Hakuwa polisi hata siku moja.

Bibi Mwanahawa

Hee! Beji ya mchezo imestaafu kabla ya wanaostahili kustaafishwa.

Dereva wa Makambako

Nimerudi. Saa tisa usiku, tumesogea kama mita mia mbili.

Nyundo, nilichokipata ni kizito kuliko ulichokisema.

Mwigizaji wa Ben Romero, mwenzake Friday tangu mwanzo, alikuwa Barton Yarborough. Alifariki ghafla kwa moyo tarehe 19 Desemba 1951. Wangeweza kuweka sauti nyingine, nani angejua. Badala yake wakaamua Romero naye afe, vilevile, kwa moyo. Kipindi kikarushwa Alhamisi tarehe 27 Desemba. Nimekisikiliza mara mbili. Friday anaambiwa mwenzake amefariki, na ile sauti kavu inabaki kavu, lakini kuna mahali inachelewa kidogo.

Sasa rudi nyuma siku mbili. Tarehe 25 Desemba 1951, alfajiri ya Krismasi, mji huohuo, idara hiyohiyo. Vijana saba wako mahabusu, watano wenye asili ya Meksiko, wawili Wazungu. Usiku walikuwa wamegombana na askari kwenye baa. Kituoni kuna sherehe ya Krismasi, pombe inatembea, ukazuka uvumi kwamba askari mmoja kati ya waliopigana atapoteza jicho. Askari kwa makumi wakaingia kuwapiga wale vijana, kwa zamu. Wakatoka na mifupa iliyovunjika na viungo vya ndani vilivyopasuka.

Parker mwanzoni alitaka liishe ndani kwa ndani. Habari ikafika kwenye magazeti miezi kama mitatu baadaye. Mwisho askari 8 walishtakiwa, 5 wakatiwa hatiani, 54 wakahamishwa, 39 wakasimamishwa kazi. Wakaiita Krismasi ya Damu.

Kwa hiyo Alhamisi ile, Wamarekani wamekaa sebuleni wanamlilia askari wa Los Angeles ambaye hajawahi kuwepo. Na wale vijana saba majeraha bado mabichi, na nchi haina habari.

Nimeikaa nayo hiyo tangu saa saba. Sina jibu la kukupa.

Nyundo ya Pili

Nashukuru kwa kutafuta, wengi humu hutukana tu. Sasa ongeza na Agosti 1965, ghasia za mtaa wa Watts, Los Angeles hiyohiyo, watu 34 wamekufa, na Parker bado ndiye mkuu. Miaka yote hiyo ya Friday redioni na kwenye televisheni haikumsaidia mtu mweusi wa Watts aliyekuwa anasimamishwa barabarani kila siku. Ilimsaidia nani? Ilimsaidia Parker kwenda kuomba bajeti.

Mzee wa Kaunta

Ndugu Nyundo, nakubali mambo yako karibu yote. Ila moja niliongeze nikiwa mtu wa ndani.

Askari naye anasikiliza redio. Kijana ametoka depo, hajui askari mwema anaongeaje. Wale wakubwa zake kituoni wanamfundisha namna moja tu. Akisikia mahali fulani, hata pa uongo, kwamba kuna askari anayebisha hodi, anasema jina lake, anaita mama wa watu "mama", anaandika, anaondoka, basi angalau anajua hiyo namna ipo. Hao waliopiga Krismasi huenda nao walikuwa wanausikiliza mchezo huohuo. Haukuwazuia. Lakini wapo ambao hawakuingia kule chumbani usiku ule, na siku zote mimi nataka kujua wao walikuwa wanafikiri nini.

Nyundo ya Pili

Mzee, wasioingia walisikia kelele wakaendelea kunywa.

Mzee wa Kaunta

Ni kweli. Na mimi nimewahi kuwa huyo.

Bint Sheria

Afande, heshima kwako.

Mtaita254

Hapa pamekuwa kanisa. Acha niulize swali la barabarani. Dereva, wewe uko njia ya Tunduma miaka mingapi? Na hiyo leseni yako ndani kunakuwanga na nini ukisimamishwa? Hapa tunaongea uadilifu wa polisi kana kwamba kitu kidogo kinatoka mbinguni.

Kijiwe Namba Tisa

😂😂😂 Kenya mmeamua. Dereva jibu hapo.

Dereva wa Makambako

Mtaita umenikamata. Miaka kumi na nne. Na ndani ya leseni huwa kuna elfu tano, imekunjwa mara mbili. Siyo kila siku, lakini huwa ipo.

Nilitaka niishie kwa Webb, ila ngoja nilitoe. Safari hii nikipandisha, kizuizi kimoja ambacho sikitaji, nilisimamishwa usiku. Trafiki kijana, mwembamba, koti la mvua limemzidi. Taa ya nyuma ya tela kushoto imekufa, naijua tangu Chalinze. Nikampa leseni na kilichomo. Kwenye spika Friday anaendelea kuuliza watu wake, sijazima.

Kijana akaifungua leseni. Akaitoa ile elfu tano, akainyoosha, akanirudishia mkononi kama mtu anayerudisha chenji. Akauliza, "Huyo anayeongea nani?"

Nikamwambia, "Polisi mwenzako. Wa zamani."

Akasikiliza kidogo. Sidhani kama alifuata Kiingereza chote, tulivyokuwa tunanyeshewa. Akasema, "Anauliza sana." Kisha akatoa kimashine chake akaniandikia elfu thelathini ya taa, akanipa namba ya kulipia, akaniambia nisiondoke mpaka nimebadilisha balbu. Nikabadilisha. Nilikuwa nayo siku zote, iko kwenye kisanduku chini ya kiti.

Nikamtukana njia nzima hadi Mafinga. Kimoyomoyo, lakini nilimtukana.

Bibi Mwanahawa

Umri wote huo unatukana mtoto wa watu kwa kukurudishia hela yako. Haya.

Mtaita254

Nimekusamehe sababu umesema ukweli. Balbu ulikuwa nayo 😂

Mzee wa Kaunta

Kile kikaratasi unacho bado?

Dereva wa Makambako

Kipo hapa kwenye dashibodi, afande.

Mzee wa Kaunta

Aliandika saa ngapi?

Dereva wa Makambako

Saa 7:12 usiku.